Nyingine (eleza)

Kwenye seva yeye ni 03-0417.
Jina lake limo katika daftari lenye kufuli,
ufunguo anao Dokta Mushagalusa,
na mimi, karani wa takwimu, sipaswi kulijua.
Nalijua. Ndimi niliyemsomea karatasi ya ridhaa kwa Mashi,
akabonyeza dole gumba, akauliza:
"Hii ni dawa kweli, ama ni unga tu?"
Nikasema, Mama, mimi sijui,
anayekupa hajui, dokta hajui;
inayojua ni mashine moja ya mbali, nayo imeapa kunyamaza.
Akacheka. "Basi tuko wote gizani,
kama Kadutu umeme ukikatika."

Fomu ilitaka tarehe ya kuzaliwa.
Alisema: mwaka ule kahawa ya Walungu ilipokauka mitini.
Nikakisia mwaka. Kisanduku kikawa chekundu:
siku? mwezi?
Nikaweka tarehe mosi Januari
kama nilivyowawekea wengine thelathini na wanane.
Ukituamini sisi, nusu ya Bukavu ilizaliwa usiku mmoja
na wakunga hawakupata hata chai.

Hapa hakuna kifutio.
Kwenye karatasi unapiga mstari mmoja, kosa libaki likisomeka,
unatia herufi zako, tarehe, sababu.
Kwenye tableti mfumo unakuandikia wenyewe:
thamani ya zamani, thamani mpya, nani, saa ngapi, kwa nini.
Niliwahi kuingiza joto la mwili 73.8
badala ya 37.8.
Limo humo mpaka leo, jina langu pembeni:
kwa sekunde kumi na tisa
nilimuunguza mtoto wa watu.

Siku ya saba 03-0417 hakuonekana.
Siku ya kumi na nne, safu tupu.
Ndipo swali likatua kutoka kwa wakaguzi:
*Ziara haipo. Toa sababu.*
Orodha ikafunguka chini ya kidole:
amehama
amejitoa
amefariki
hajulikani aliko
nyingine (eleza)
Ilikuwa wiki ile ya mvua, udongo ukiteremka na nyumba zake.
Kidole kikasimama juu ya mstari wa tatu.
Sikubonyeza.

Nilipanda kwa miguu, ngazi za matope,
tableti ndani ya mfuko wa sukari.
Nikamkuta anapima makaa, kopo kwa kopo,
mzima, mikono myeusi hadi viwiko.

"Nilikuja," akasema. "Siku ya saba, asubuhi.
Wewe mwenyewe ulitoka mlangoni
ukasema umeme hakuna, mashine imelala, nirudi kesho.
Kesho ni soko, baba.
Na miguu hii hairudishiwi nauli."

Sikukumbuka. Nilitazama chini, nikakumbuka.

Akafungua pindo la kitenge: maganda ya vidonge,
yote, matupu, yamekunjwa kama barua.
Akanionyesha ukuta nyuma ya mlango.
Mistari ya makaa, siku kwa siku:
uliosimama, amemeza;
uliolala, ametapika;
mduara, ni usiku masikio yalivuma.
Mmoja ulikuwa umekatwa na mwingine juu yake.
"Hapo nilijidanganya," akasema. "Nilidhani nimemeza.
Nikameza jioni."
Kando yake alama ndogo, kama jua likizama.

Nilipiga magoti nikanakili ukuta mzima,
huku kuku akipita katikati ya siku ya tano na ya sita.
Kila kisanduku kikawa kijani
isipokuwa kimoja.

*Nyingine (eleza).* Herufi hamsini, usizidishe.
Nikaandika:
*Mshiriki alikuja. Sisi hatukuwepo.*
Nafasi kumi na sita zikabaki, sikuwa na la kuzijaza.

Asubuhi ya leo umeme ulirudi saa kumi na moja,
nikafungua, nikakuta swali jipya
kutoka kwa mtu asiyemjua yeye wala mimi:

*Tafadhali fafanua "sisi".*

Hali ya swali: wazi.